Ozoni Inapona, Jua la Ikweta Liko Palepale

Joto na mionzi ya urujuanimno ni vitu viwili, na anayevichanganya hupotea njia anapoitafuta asili ya saratani ya ngozi. Joto tunalihisi. Mionzi hiyo haihisiki, nayo ndiyo inayoharibu vinasaba vya seli za ngozi, hata siku ya baridi. Kinga yetu angani ni tabaka la ozoni. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza walitangaza kwamba tabaka hilo limepungua mno juu ya Antaktika. Gesi za majokofu na makopo ya kupulizia ndizo zilizokuwa zikilila. Itifaki ya Montreal ya 1987 ikaanza kuziondoa hatua kwa hatua, na Shirika la Mazingira la Marekani linakadiria kuwa itawaepusha Wamarekani waliozaliwa, na watakaozaliwa, kati ya 1890 na 2100 na visa milioni 443 vya saratani ya ngozi. Mikataba mingi ya mataifa haifikii mafanikio hayo.

Je, nasi tungoje tu ozoni ipone, jambo linalotarajiwa sehemu kubwa ya dunia ifikapo 2040 hivi? Hapana. Kwetu karibu na ikweta ozoni ni chache tangu asili, haikupungua sana, na jua la mchana huwa karibu na utosi mwaka mzima. Hatari yetu haikuletwa na majokofu. Wapo wanaosema ngozi nyeusi haiugui saratani hii. Melanini hukinga kweli, lakini melanoma ya nyayoni haitegemei jua, na wenye ualbino, wanaokadiriwa Tanzania kuwa mmoja kati ya watu 1,400 hivi, hawana kinga hiyo. Wengi wao saratani ya ngozi huwaua mapema. Hapo ndipo mabadiliko ya tabianchi yanapoingia, kwa maoni yangu: si kwa kuzidisha ukali wa mionzi, bali kwa kuzidisha saa za kukaa juani. Mvua zikikosekana, kisima chenye maji huwa mbali, nalo shamba hupandwa upya. Utasema joto huwakimbiza watu kivulini. Labda mtu wa ofisini. Mkulima na mvuvi hawana hiari hiyo. Lakini kinga ipo: mjini Moshi, Tanzania, hutengenezwa Kilisun, losheni ya kuwakinga wenye ualbino na jua. Serikali zihakikishe losheni ya namna hii, pamoja na kofia pana, inapatikana kila zahanati ya kijijini.