Askari wana makaburi Voi. Wakasighau waliofia Malindi wana nini?

Wako wageni wanaofika Voi bila haja ya kuingia Tsavo kutazama ndovu. Wao huuliza njia ya makaburi ya vita. Wakionyeshwa, hutafuta jina la babu wa babu yao kwenye mawe, hupiga picha, kisha hushika barabara ya Taveta kwenda kuona Maktau na mlima Salaita.

Mmoja wa waliolala pale Voi ni Luteni Wilbur Dartnell, mzaliwa wa Australia. Aliuawa karibu na Maktau tarehe 3 Septemba 1915 baada ya kukataa kuwaacha majeruhi wake, na akatunukiwa Nishani ya Victoria. Mtu aliyekataa kuwakimbia wenzake anastahili jiwe lenye jina lake, sina neno juu ya hilo. Neno langu ni kuhusu mwezi uliotangulia kifo chake, Agosti 1915, na watu wa mlima ambao siku ya anga safi unaonekana kutoka barabara kuu ya Mombasa.

Kwa asiyejua, vita hivyo vilifikaje kwetu? Mpaka wa Kenya ya Mwingereza na Tanganyika ya Mjerumani ulipita Taveta, kama unavyopita leo. Vita vilipoanza Ulaya mwezi Agosti 1914, Wajerumani hawakungoja. Katikati ya mwezi huo huo walivuka na kuichukua Taveta, wakajenga ngome Salaita, na kwa mwaka mmoja na nusu sehemu hiyo ya Kenya ikawa mikononi mwao. Kutoka huko vikosi vyao vidogo vilipenya nyikani usiku hadi kwenye reli ya Mombasa kutega baruti. Reli ndiyo iliyokuwa koo la Mwingereza. Ikikatwa, Nairobi haipati risasi wala chakula.

Mwingereza naye akajenga reli nyingine. Mapema mwaka 1915 vikosi vya reli kutoka India vilianza kutandika njia kutoka Voi kupitia Mwatate na Bura, na katikati ya mwaka vilikuwa Maktau. Kwa hiyo ile reli ya Taveta, ambayo wazee wetu waliipanda kwenda sokoni na ambayo leo imemezwa na vichaka, haikujengwa kwa ajili ya nyanya wala ndizi za Taveta. Ilijengwa kubeba mizinga, na maji pia, maana ukishaipita Bura ni nyika tupu. Mwaka 1916 iliunganishwa na reli ya Mjerumani ya Moshi.

Sasa tazama Kasighau ilipo. Ni mlima wenye maji katikati ya nyika kavu, kati ya mpaka na reli ya Mombasa. Kikosi cha Wajerumani kinachotoka mpakani kwenda kuvunja reli kilikuwa lazima kinywe maji mahali, na Waingereza nao waliweka askari pale kwa sababu hiyo hiyo. Wanakijiji wa Rukanga, Bungule, Jora, Kiteghe na Makwasinyi walijikuta kati ya majeshi mawili ambayo hawakuyaita.

Mwezi Agosti 1915 Wajerumani waliwashambulia askari wa Mwingereza waliokuwa Kasighau. Waingereza wakaamua kwamba wenyeji ndio waliowaonyesha njia. Pengine wako waliofanya hivyo. Mtu akiulizwa njia na wenye bunduki hujibu. Lakini hakuna aliyeketi kupima nani alisema nini kwa nani. Adhabu iliwaangukia wote, mzee na mtoto mchanga. Vijiji vilichomwa moto, na watu wakahamishwa kwa nguvu hadi Malindi.

Fikiria safari hiyo kwa mtu wa mlimani. Amezoea chemchemi na hewa ya baridi, sasa anatupwa pwani kwenye joto na mbu, bila shamba, bila mbuzi, bila makaburi ya wazee wake. Malaria na njaa viliwaua wengi. Waliobaki hawakurudi Kasighau mpaka miaka ya 1930, vita vikiwa vimekwisha zamani na watoto waliozaliwa uhamishoni wakiwa watu wazima. Baadhi yao waliuona mlima wao kwa mara ya kwanza wakiwa na watoto wao wenyewe. Leo sehemu kubwa ya nyika inayouzunguka mlima huo ni ranchi na hifadhi, na mabishano ya nani alikuwa wapi na lini hayajakwisha. Ukiwasikia Wakasighau wakiitaja 1915 kwenye mkutano wa ardhi, usidhani wanapiga domo.

Vita vyenyewe viliondoka Taita upesi. Tarehe 12 Februari 1916 askari wa Afrika Kusini, wageni kabisa wa nchi hii, walipelekwa kuvamia Salaita wakiamini kwamba askari Waafrika wa upande wa pili hawatawasumbua. Walipigwa wakarudi nyuma mbio, na Wabaluchi kutoka India ndio waliowaokoa wasimalizwe. Mwezi uliofuata Jenerali Smuts aliuzunguka mlima huo, Taveta ikarudi kwa Mwingereza, na mapigano yakahamia Tanganyika.

Wakati huo Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani. Rais Woodrow Wilson alichaguliwa tena mwishoni mwa 1916 kwa sifa ya kuwaepusha watu wake na vita vya Wazungu wa Ulaya, ingawa Wamarekani mmoja mmoja walikuwa wameshaingia. Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa St. Louis aliyekuwa na shamba Juja na ambaye jina lake liko kwenye maktaba ya Nairobi, alijiunga na kikosi kile kile cha Dartnell. Serikali yake ilitangaza vita dhidi ya Ujerumani tarehe 6 Aprili 1917, zaidi ya mwaka mmoja baada ya Salaita.

Nataja Marekani kwa sababu mwaka huo wa 1917 unatupa mizani. Kule, bunge lilipitisha sheria ya kuandikisha vijana jeshini, na kila mtaa ukawa na kamati ambayo kijana angeweza kuiomba imwache. Familia ziliombwa zisile nyama siku fulani na zipunguze mkate wa ngano ili chakula kiende Ulaya. Ziliombwa tu, kwa mabango. Mwezi Oktoba ikaja sheria ya bima: askari akifa, mke au mama yake alipwe. Sisemi yote yalikuwa sawa. Wamarekani weusi walipigana katika vikosi vilivyotengwa. Lakini serikali ilijiona ina deni kwa nyumba alikotoka askari.

Huku kwetu, mwezi Machi 1917 ulianza msako mkubwa wa wapagazi wa jeshi, ule ulioacha jina la Kariokor Nairobi na Kariakoo Dar es Salaam. Machifu walipewa hesabu ya vichwa vya kuleta. Zaidi ya wanaume 100,000 walichukuliwa Kenya katika miezi michache kubeba unga na risasi hadi kusini mwa Tanganyika. Kwa hesabu za serikali yenyewe, wapagazi wa Kenya waliokufa katika vita vyote walipita 40,000, wengi kwa kuhara na njaa, si kwa risasi. Mishahara ya waliokufa bila jamaa zao kupatikana haikulipwa. Maofisa wa Nairobi waliidai fedha hiyo itumike kwa faida ya Waafrika, London ikakataa.

Januari 1918 Wilson alitangaza masharti yake 14 ya amani. Sharti la tano lilisema kwamba katika kugawa makoloni, maslahi ya wenyeji yatazamwe sawasawa na madai ya serikali. Tanganyika ikakabidhiwa Mwingereza aitawale kwa niaba ya Umoja wa Mataifa wa wakati huo, ambao Marekani yenyewe ilikataa kujiunga nao. Mpaka wa Taveta ukabaki palepale. Wakasighau nao walibaki Malindi.

Siku hizi kaunti yetu inavitangaza viwanja hivi vya vita kwa watalii, na ni jambo jema. Hoteli hulala watu, waelekezaji hupata riziki, na vijana wa Maktau hupata la kuwaeleza wageni. Lakini ziara huanza Voi na kuishia Taveta, na mgeni huondoka akijua jina la jenerali na namba ya kikosi. Gari likiiacha barabara kuu Maungu hufika Rukanga bila shida. Bado wapo wazee pale walioyasikia ya Malindi kutoka kwa waliotembea safari hiyo. Kaunti iwatume watu wenye kinasa sauti mwaka huu, iandike majina watakayotajiwa, na iyaweke kwenye jiwe chini ya mlima. Jiwe la pili liwekwe Malindi, mahali ambapo wazee hao watapaonyesha.