Je, Wajua? Maji Hutenganisha Plastiki
Katakata chupa ya soda pamoja na kifuniko chake, kisha utumbukize vipande kwenye ndoo ya maji. Vya chupa vitazama, vya kifuniko vitaelea. Hizo ni plastiki za aina mbili, na kila moja huyeyuka kwa joto lake. Zikichanganywa hutoa bidhaa hafifu. Ndiyo maana hutenganishwa kabla ya kuyeyushwa.

Mikebe nayo ikitengwa hupata kazi mpya. Huko Kakuma, kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa mwaka 1992, mikebe ya mafuta ya msaada hupondwa ikawa bapa, ikatengenezwa milango.

Sheria ya taka ya Kenya ya mwaka 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza. Basi hapa Turkana, kuanzia Lodwar hadi Kerio, tuanzie jikoni: mabaki ya chakula kando, plastiki na mikebe kando.