Ndondi za Kulipia: Faida ni ya Nani?

Jua lilikuwa halijachomoza mjini Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali alipomwangusha George Foreman katika raundi ya nane. Wazee wetu wa barazani, Mombasa na Lamu, wangali wakilisimulia pigano hilo kana kwamba walikuwako kando ya ulingo. Lakini ni wachache wanaouliza kwa nini mabondia wale waliitwa ulingoni saa kumi za alfajiri. Jawabu ni bei. Kule Marekani watu walikuwa wamelipa mlangoni kwenye majumba ya sinema ili waletewe picha kwa setilaiti, na kwao ilikuwa ni saa nne za usiku. Afrika ikakesha ili mwenye tikiti atazame baada ya chakula chake cha jioni.

Nayaandika haya Kiamunyi, nje kidogo ya mji wa Nakuru, kwenye barabara iendayo Kabarak na Eldama Ravine, nilikokuja kumtembelea shemeji yangu. (Baridi ya asubuhi ya huku, kwa mtu aliyezaliwa Mvita, ni adhabu tosha.) Hapa jirani pana banda la mabati lenye televisheni kubwa na mabenchi, na mlangoni hukaa kijana akipokea shilingi hamsini. Aghalabu watu huja kwa ajili ya mpira, lakini usiku wa ndondi kubwa banda hufurika hadi wengine wakasimama. Nilimwuliza mwenye banda kama mapigano hayo huyanunua kihalali. Akaniangalia, akaiangalia na kofia yangu, akacheka: "Shehe, nikinunua kwa bei yao nitauza banda lenyewe."

Sitetei wizi. Lakini hebu tuitazame bei yenyewe. Tarehe 2 Mei 2015, Floyd Mayweather alipopambana na Manny Pacquiao mjini Las Vegas, nyumba moja ya Marekani ililipa hadi dola 99.95 kwa pigano hilo tu, yaani zaidi ya shilingi elfu tisa za Kenya kwa thamani ya fedha ya mwaka ule. Walionunua walifika milioni 4.6, na mapato yakapita dola milioni 400. Pigano lenyewe lilipooza. Raundi zote kumi na mbili Mayweather alikwepa na kugusa, akapewa ushindi, na walionunua wakabaki kulalamika.

Wanaotetea bei hizo wana hoja, na hapa Nakuru ndipo mahali pa kuisikia. Mji huu ndio uliomtoa Philip Waruinge. Katika michezo ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 alipata medali ya shaba, lakini kikombe cha Val Barker, kinachopewa bondia mwenye ufundi kuliko wote, alipewa yeye na wala si mmoja wa wenye dhahabu. Mwaka 1972 mjini Munich akapata fedha. Medali hazipikwi sufuriani. Waruinge akaenda Japani kupigana kwa malipo. Mtu anayeuza kichwa chake kwa makonde ana haki ya kulipwa vizuri, na tozo la kila pigano limewalipa wengine vizuri mno.

Wengine, nasema. Mgao wa mauzo huwaendea wawili walio juu ya tangazo pamoja na mapromota wao. Wale wanaopigana mapema, ukumbi ukiwa nusu mtupu, hupewa ujira waliopatania na kurudi kwao. Hassan Mwakinyo wa Tanga alikwenda Birmingham Septemba 2018 kama mtu wa kujaza nafasi, akamsimamisha Sam Eggington katika raundi ya pili, ndipo jina lake likajulikana Ulaya. Kijana kama huyo manufaa yake makubwa ni kuonekana na watu wengi. Bei kubwa humpunguzia watazamaji, na fedha zake hazimfikii.

Najua wako miongoni mwetu wanaoona kwamba mchezo wa kupigana usoni haufai kabisa, na hoja yao ina uzito. Hilo nawaachia masheikh. Leo nazungumzia bei.

Siku hizi fedha ya ndondi imehamia Riyadh, ambako saa yao na saa yetu ni moja. Ungedhani basi tutatazama tukiwa macho. Oleksandr Usyk na Tyson Fury walipokutana huko Mei 2024, waliingia ulingoni baada ya saa sita za usiku, kwa kuwa waliolipa walikuwa London na New York. Hata hivyo, ni Wasaudi hao hao waliosaidia kuandaa pigano la tarehe 13 Septemba 2025 mjini Las Vegas, Terence Crawford alipomshinda Saul "Canelo" Alvarez. Hilo halikuuzwa peke yake. Mwenye ada ya kawaida ya mwezi ya Netflix alilitazama bila kuongeza senti. Watazamaji walitangazwa kuwa zaidi ya milioni 41. Linganisha na zile nyumba milioni 4.6. Kwangu mimi hesabu hiyo inatosha: bei ya kila pigano imewanenepesha mabondia wachache na kuufungia mchezo mlango.

Mtoto wa shemeji yangu, mwenye miaka kumi na minne, alilitazama pigano hilo Jumapili alfajiri kwa jirani anayelipa ada hiyo. Jioni za mazoezi hupanda matatu kwenda mjini, kwenye ukumbi ambao watu wa Nakuru wanauita Madison Square Garden, ambako vijana wa hapa hufunzwa ndondi. Crawford alikuwa na desturi ya kubadilisha mguu wa mbele katikati ya raundi, mara mkono wa kulia, mara wa kushoto. Jana nilimkuta kijana uani, nyuma ya tangi la maji, akijaribu hatua hiyo polepole, akikosea, akianza tena, na mamake akimwita ndani kwa mara ya tatu.