Kobe wa Oyugis na Kitanda cha Maranda

Nilipokwenda Oyugis kumzuru binamu yangu mwenye duka la nguo, mwanawe hakuningoja hata nivue viatu. "Ami, kobe wangu hataki kula." Akanivuta mpaka uani, penye boksi la mbao. Ndani mlikuwa na kobe wa madoadoa, macho yamevimba, mapovu yakimtoka puani. Alilazwa juu ya maranda mekundu ya mtarakwa, yakinukia mithili ya udi.

Harufu ile ndiyo iliyonishtua. Sisi watu wa Pwani kitu kikinukia vizuri hatukishuku. Lakini mafuta ya mtarakwa na miti ya jamii yake huchoma mapafu ya mnyama ambaye pua yake i chini mchana na usiku. Vumbi la randa nalo huingia machoni, na maranda akiyameza pamoja na majani humfunga tumbo. Mchanga mtupu una dhara hilo hilo, hata uwe mweupe kama wa Diani.

"Basi tumweke kwenye saruji, tupate kuosha," akasema shemeji. Nikamwambia saruji humkwaruza tumbo, na usiku huwa baridi. Tena Oyugis si Mombasa: mji uko juu na mvua ni nyingi. Kobe hana joto lake mwenyewe, huliazima kwa jua. Baridi ikikutana na unyevu, mapafu huugua na gamba huoza kwa chini, mahali ambapo mwenyewe hatazami.

Daktari wa mifugo alimpiga sindano. Sisi tukashika majembe. Tulichagua pembe ya ua yenye mwinuko ili maji yasituame, tukaacha nyasi mbichi zimee, kwani kobe huyu chakula chake hasa ni nyasi. Kibandani tuliinua sakafu, tukatandika udongo mkavu na juu yake nyasi kavu, za kubadilishwa kila zikilowa au kuota ukungu. Tulijenga ukuta wa mbao zilizobanana. Waya haufai: kobe akiona nje hushinda akisukuma mpaka pua ichubuke. Tukaweka kivuli, na kisahani cha maji kisicho na kina. Na mtoto akaagizwa kunawa kwa sabuni kila akimshika, maana kobe hubeba vijidudu vya kuharisha.

Waliozuru kisiwa cha Changuu, Unguja, wamewaona kobe wakubwa ambao wa kwanza wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Wale hutembea juu ya udongo, chini ya miti. Hata hivyo wengi waliibwa, hata ikabidi wajengewe ua.

Likabaki neno moja zito. Kobe huyu aliokotwa barabarani, na sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 hairuhusu kumfuga mnyama wa mwituni bila kibali. Binamu yangu alinyamaza kitambo, kisha akatafuta karatasi, akaanza kuwaandikia Shirika la Wanyamapori.

"Ami, watamchukua?" mtoto akaniuliza.

Sikuwa na la kumjibu. Alfajiri nilipokuwa nafunga mizigo nilimwona uani, ameinama, akimkatia kobe wake nyasi.