Njia za mbio Embu na Meru: Usome mlima kwanza, kisha ukimbie

MKENYA akiulizwa mabingwa wa mbio hufinyangwa wapi, jibu huwa tayari mdomoni: Iten, Eldoret au Kapsabet. Ni wachache watakaoutaja mji wa Embu.

Hata hivyo, tangu mwaka wa 1986 kule Neuchâtel, Uswisi, hadi 2003 mjini Lausanne, timu ya wanaume ya Kenya ilitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za nyika mara 18 mfululizo. Katika miaka mingi ya enzi hiyo, maandalizi ya mwisho ya timu yalifanyika Kigari, kwenye chuo cha walimu cha St Mark's kilicho katika miteremko ya Mlima Kenya, nje ya mji wa Embu. Paul Tergat, aliyekuwa bingwa wa dunia mara tano kati ya 1995 na 1999, ni miongoni mwa waliotoa jasho huko.

Jambo la kushangaza ni kwamba wenyeji wengi hawazitumii njia hizo. Alfajiri mjini Embu, Chuka au Meru utawaona walimu, wauguzi na wafanyabiashara wakikimbia kandokando ya barabara kuu ya lami, wengi wao wakiwa wameshauriwa na daktari kufanya mazoezi kwa sababu ya shinikizo la damu au kisukari. Wanatafuta afya mahali ambapo magari hupita kwa kasi, ilhali kilomita chache tu kutoka hapo zipo njia ambazo mabingwa wa dunia walizifuata.

Makala haya yanaeleza njia hizo zimekaa vipi, kwa nini zinafaa, na mambo ambayo mkimbiaji hana budi kuyajua kabla ya kufunga kamba za viatu.

HEWA NA UDONGO

Sababu ya kwanza ya kupiga kambi mlimani ni hewa. Mji wa Embu uko takriban mita 1,350 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda kuelekea msituni ndivyo hewa inavyozidi kuwa nyepesi. Katika kimo cha mita 2,000, mapafu hupata takriban asilimia 80 tu ya oksijeni ambayo yangeipata Mombasa kwa kila pumzi. Mwili ukikaa katika hali hiyo kwa majuma kadhaa, figo hutoa homoni inayochochea utengenezaji wa chembechembe nyekundu za damu, ambazo kazi yake ni kubeba oksijeni. Mwanariadha anaposhuka kwenda kushindana katika nyanda za chini, damu yake huwa imejiandaa vilivyo.

Sababu ya pili ni ardhi yenyewe. Udongo mwekundu wa volkeno hauutesi mguu kama lami inavyoutesa, na vilima vya eneo hilo havimwachi mkimbiaji apumzike. Kupanda huimarisha moyo na misuli ya nyuma ya mguu. Kushuka hufunza misuli ya mbele ya paja kuhimili mshtuko. Mbio za nyika hazihitaji zaidi ya hayo.

Ni vyema kutahadharisha hapa kwamba mpanda ngazi hushuka. Wengi huogopa kupanda, lakini maumivu ya goti na paja mara nyingi hutokana na kuteremka kwa pupa. Anayeanza afupishe hatua zake anaposhuka, na asione haya kutembea anapopanda. Mgeni kutoka pwani naye atembee tu siku za mwanzo.

MLIMA KAMA MKONO

Ili kuzielewa njia za Embu na Meru, uweke mkono wako mezani na kuvitanua vidole. Kiganja ni Mlima Kenya, vidole ni migongo ya ardhi, na nafasi iliyo kati ya vidole ni mabonde ya mito. Rupingazi, Ena, Thuchi, Nithi, Mutonga na Kathita yote huteremka kutoka mlimani na hatimaye maji yake huingia mto Tana.

Kutokana na umbile hilo, mkimbiaji ana chaguo mbili. Akifuata kidole kimoja kuelekea kiganjani, atapanda polepole bila kukatizwa, kisha atarejea kwa mteremko uleule. Hiyo ni njia ya kujenga pumzi. Akikata kutoka kidole kimoja hadi kingine, atatumbukia bondeni, avuke mto na kuparamia ukingo wa pili, tena na tena. Hiyo ni njia ya kujenga nguvu, na haimfai asiyezoea. Kilomita tano za kukata mabonde zaweza kumchosha mtu kuliko kumi za kufuata mgongo.

Katika upande wa Embu, njia zinazopanda kuelekea Manyatta na Kianjokoma ni za aina ya kwanza. Mkimbiaji huanza penye kahawa, migomba na miti ya maparachichi, na kadiri baridi inavyoongezeka kahawa huachia majani chai nafasi. Karibu na viwanda vya chai kama Mungania na Rukuriri kumejaa barabara za udongo na changarawe zilizochongwa ili magari yafike kwenye vituo vya kununulia majani. Magari hayo huwa machache asubuhi na mapema, nazo barabara huunganika kiasi kwamba mtu aweza kuzunguka na kurudi alikoanzia bila kuikanyaga lami.

Juu kabisa, ukingoni mwa msitu, upo ukanda wa chai uliopandwa na serikali chini ya mpango wa Nyayo Tea Zones ulioanza mwaka wa 1986, nia ikiwa kuzuia mashamba yasiuingilie msitu. Kwa mkimbiaji, ukanda huo una faida nyingine: chai ni fupi, hivyo macho yaona mbali. Mawingu yasipokuwapo, vilele vya mlima huonekana waziwazi. Aghalabu huwa hivyo kabla ya saa tatu asubuhi, kwani baadaye mawingu huvifunika.

Anayechoshwa na vilima na ateremke upande wa pili, kuelekea Mbeere. Huko kuna joto, ardhi ni kavu na yenye mchanga, na njia zimenyooka zaidi. Wakati wa mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Disemba, udongo mwekundu wa juu unapogeuka utelezi, njia za Mbeere ndizo hufaa.

UPANDE WA MERU

Mji wa Meru umekaa karibu kabisa na ikweta, nayo barabara ya kuelekea Nkubu huukata mstari huo. Mkimbiaji anaweza kuvuka kutoka kaskazini mwa dunia hadi kusini na kurudi kabla ya kifungua kinywa. Mji wenyewe ni wa kupanda na kushuka: kutoka bonde la mto Kathita hadi Makutano ni mazoezi tosha. Asiyetaka vilima ana uwanja wa Kinoru, kama vile wa Embu walivyo na uwanja wa Moi.

Mandhari yanayosifika zaidi ni ya msitu wa Imenti, unaoanzia mlangoni mwa mji. Humo mna miti mirefu ya kale, kivuli na ubaridi. Lakini mna ndovu pia. Msitu huo ni makao na mapito yao, na ndovu akishtuliwa na mtu anayekimbia hachelewi kumfukuza. Usiingie humo peke yako wala gizani. Wasiliana kwanza na afisi ya misitu ya eneo hilo ili upate idhini na, ikiwezekana, mtu wa kukuongoza.

Kaskazini mwa kaunti ya Meru yapo mashindano yanayoonyesha jinsi mtu na mnyama wanavyoweza kugawana njia kwa mpango. Mbio za Lewa, zilizoanza mwaka wa 2000, hufanyika kila Juni ndani ya hifadhi ya wanyamapori, katika kimo cha takriban mita 1,700. Mzunguko ni wa kilomita 21, na wa marathoni huuzunguka mara mbili. Faru na simba wamo humo humo, ila askari wa wanyamapori hulinda njia huku ndege zikichunguza kutoka angani. Fedha zinazochangwa husaidia uhifadhi, shule na huduma za afya.

HATARI ILIYOZOELEKA

Pamoja na hayo yote, hatari kubwa kwa mkimbiaji wa Embu na Meru si ndovu. Ni barabara kuu inayoiunganisha miji hiyo. Barabara hiyo inakata vidole vile vile tulivyovitaja, kwa hivyo ina miteremko mikali na kona za ghafla. Mnamo Julai 24, 2022, basi lilitumbukia kwenye bonde la mto Nithi na watu zaidi ya 30 wakafariki. Ikiwa dereva mwenye usukani hushindwa kuimudu kona hiyo, atasalimika vipi mtu anayekimbia ukingoni alfajiri, akiwa amevaa nguo nyeusi?

Kwa hivyo iache lami. Tembea au panda matatu hadi barabara ya udongo iliyo karibu, uanzie hapo. Kimbia kukiwa kumepambazuka, ukiwa na mwenzako au kikundi, hasa wanawake. Mjulishe mtu wa nyumbani njia utakayoifuata. Wasalimie wachuma chai na wazee unaowapita, kwani njia nyingi zapakana na mashamba yao, na anayesalimu hujulikana na hulindwa.

Serikali za kaunti nazo zina wajibu. Barabara nyingi za vijijini zinaendelea kuwekwa lami, na mkulima ana haki ya kufurahi kwa kuwa mazao yake hayatakwama matopeni. Hata hivyo, kila lami mpya huleta kasi mpya. Kuacha ukanda wa udongo kando yake kwa wanaotembea na wanaokimbia kungewafaa mtoto aendaye shule na mgonjwa wa kisukari kwa pamoja.

Timu za taifa zilisafiri mamia ya kilomita ili kuzipata njia hizi. Mkazi wa Embu au Meru anahitaji tu kugeuka, aipe mgongo barabara kuu na kuuelekea mlima.