Bagira: Kole inakauka kama jiwe, lakini ufa unarudi

Barabara za Bagira hazina huruma kwa pikipiki. Kuanzia Nyakavogo hadi Kasha, mashimo na mawe hutikisa kila kitu kilichofungwa kwa skrubu: taa, mabawa, kifuniko cha betri. Kitu kikipasuka, motari hukimbilia dawa moja: tubu mbili za Araldite, moja ya rezini na nyingine ya kukausha, zinazochanganywa nusu kwa nusu juu ya kipande cha karatoni. Kesho yake kole imekuwa ngumu kama jiwe. Baada ya siku chache za kupanda na kushuka, ufa unafunguka tena, mara nyingi pembeni kidogo ya ule wa zamani.

Wengi husema wameuziwa kole feki. Feki zipo sokoni, ndiyo. Lakini hata ile ya kweli ina udhaifu huo, na udhaifu wenyewe ni wa kuzaliwa.

Kole hiyo ni ya jamii ya epoksi. Mkemia wa Uswisi, Pierre Castan, aliifikia katika miaka ya 1930 akitafuta kitu cha kutengenezea meno ya bandia. Kampuni ya Ciba ya Basel iliitoa kwa jina la Araldite mwaka 1946. Inashika chuma, mbao na kioo kwa sababu ikikauka molekuli zake hufungamana pande zote, kama wavu wenye mafundo mengi sana. Wavu wa namna hiyo haulegei wala haunyooki. Ufa mdogo ukishaanza, hakuna cha kuupunguzia mbio. Sahani ya kioo ni ngumu kuliko ndala. Angusha zote mbili kwenye sementi uone ipi inabaki nzima.

Mafundi hawajakaa bure. Wapo wanaochanganya kole na jivu, unga wa sementi au vumbi la tofali. Inajaza tundu, inapunguza kole inayotumika, na inafanya kiraka kiwe kigumu zaidi. Wazo ni zuri. Tatizo ni ukubwa wa punje na jinsi zinavyojikusanya: palipo na donge la jivu ambalo kole haikuingia, pana tundu dogo ndani ya kiraka, na ufa hupenda kuanzia hapo.

Watafiti walichukua wazo hilohilo na kulishusha kwenye kipimo ambacho jicho haliwezi kukifuata. Katika kazi iliyotolewa mwaka 2007, timu ya Imperial College ya London ilitia ndani ya epoksi chembe za silika, yaani kile kilichomo kwenye mchanga, zenye upana wa nanometa 20 hivi. Unywele wa mtu ni mnene kuliko chembe hiyo mara elfu kadhaa. Epoksi tupu ilihitaji nishati ya joule 100 kwa kila meta ya mraba ili ipasuke. Ilipotiwa chembe hizo kwa asilimia 13 ya ujazo wake, ilihitaji joule 460.

Ufa ukikaribia, chembe hizo huachana na rezini iliyozizunguka. Kila moja inaacha kishimo kidogo, kishimo kinapanuka, na rezini ya pembeni inalazimika kunyooka. Kazi hiyo yote inakula nguvu za ufa. Njia ya zamani ilikuwa kutia chembe za mpira. Nayo inazuia ufa, lakini inailegeza rezini. Silika iliiongezea ukakamavu, na joto ambalo epoksi huanza kulainika halikushuka.

Motari ambaye haamini anaweza kutazama gurudumu lake. Mpira wa asili hauna rangi nyeusi. Weusi wa tairi unatokana na masizi laini sana, chembe za makumi ya nanometa, na bila masizi hayo tairi lingelika haraka. Kumbe Bagira imekuwa ikitembea juu ya nano muda mrefu bila kuliita jina hilo.

Je, fundi anaweza kununua unga wa nano na kukoroga mwenyewe kwa kijiti? Hapana. Chembe ndogo hivyo hushikana zenyewe kuliko unga wa muhogo kwenye maji ya moto, na hapo tunarudi kwenye madonge ya jivu. Kule London zilitengenezwa kwa njia ya kikemia iliyohakikisha zinabaki zimetawanyika. Tena unga mkavu wa namna hiyo si wa kuvuta puani.

Mambo mawili hayangoji maabara. Bidoni la manjano ni la polietileni, na epoksi haishiki vizuri juu yake, iwe na nano au bila nano. Anayelipiga kiraka anapoteza kole na mafuta. La pili ni kaske. Iliyopasuka haigundishwi. Povu lililo ndani limeumbwa libonyee mara moja ili kuokoa kichwa, na likishabonyea limemaliza kazi, hata kama kole ya nje inang'aa. Kuna abiria anayeikubali kaske hiyo kwa sababu amechelewa. Aikatae.

Silika yenyewe haiko mbali. Bonde la Ruzizi, kusini mwa Bukavu, linalima mpunga, na makapi yakichomwa huacha jivu karibu moja ya tano ya uzito wake. Jivu hilo kwa sehemu kubwa ni silika. Likichomwa kwa joto linalodhibitiwa, karibu nyuzi 600 au 700, silika hiyo hubaki laini na yenye kufaa. Joto likipita kiasi inageuka fuwele, na vumbi lake linaharibu mapafu. Kinachohitajika kwanza ni tanuru lenye kipimajoto, kabla hata ya mashine ya kusaga.