Askari Kuitana kwa Rangi na Kabila: Utani au Ujahilia?

Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, Aali zake na Swahaba zake.

Vijana wetu wanapoingia vikosini hukutana na wenzao wa kila asili. Hulala bweni moja, hula pamoja, na punde huanza kuitana kwa rangi na makabila huku wakicheka. Wazazi huuliza: huu ni utani tu, au mna dhambi ndani yake?

Jeshi la Mtume (s.a.w.) nalo lilikuwa na watu wa asili mbalimbali. Walikuwemo Bilal Al-Habashi, Suhayb Ar-Rumi na Salman Al-Farisi (r.a.). Majina hayo yalitaja walikotoka au asili yao, na hayakuwa matusi. Kwa hiyo kumtambulisha mtu kwa asili yake si haramu kwa dhati yake.

Lakini tazama tukio lililopokewa na Bukhari na Muslim. Katika safari ya vita, Muhajir mmoja alimpiga Answari. Huyu akawaita Answari wenzake wamsaidie, na yule akawaita Muhajirina. Mtume (s.a.w.) aliposikia, aliukemea wito ule kuwa ni wa kijahilia, akaamrisha uachwe kwa kuwa unanuka. Zingatia: "Answari" na "Muhajirina" ni majina matukufu, yamesifiwa ndani ya Qur'ani. Yalipotumiwa kuwagawa askari wa safu moja, yakawa uvundo. Basi itakuwaje jina ambalo tangu mwanzo limetungwa kwa dharau?

Abu Dharr (r.a.) naye aligombana na mtu, akamuaibisha kwa mama yake asiyekuwa Mwarabu. Baadhi ya wanavyuoni wametaja kuwa mtu huyo ni Bilal. Mtume (s.a.w.) alimwambia Abu Dharr kuwa bado ana ujahilia ndani yake. Ujahilia huo ulikuwa katika neno tu, wala hapakuwa na upanga uliochomolewa.

Kutokana na hayo, pamoja na katazo la kuitana majina mabaya katika Suratul Hujurat, aya ya 11, jina la asili au umbile hupimwa hivi:

1. Mwenyewe analiridhia kweli, si kwamba anacheka kwa kuogopa kutengwa.
2. Halina kejeli kwa rangi, wazazi au kabila lake.
3. Halitumiki kuunda kundi dhidi ya wengine.

Likikosa moja katika hayo, liachwe, hata kama kambi nzima imelizoea. Na mkubwa wa cheo ana jukumu zaidi, kwani mdogo hathubutu kumkataza.

Mwaka wa 11 Hijria, Mtume (s.a.w.) alimteua Usama bin Zayd kuwa amiri wa jeshi. Alikuwa kijana, baba yake aliwahi kuwa mtumwa, na mama yake, Ummu Ayman, alikuwa Mhabeshi. Waliokuwapo watu waliosema vibaya juu ya uamiri wake, Mtume (s.a.w.) akawajibu hadharani kuwa anaustahiki.

Wazazi wenzangu, kijana huenda kambini na maneno aliyoyasikia nyumbani. Tukiwataja watu kwa dharau barazani, naye atawaita hivyo hivyo wale ambao kesho uhai wake utakuwa mikononi mwao.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.